Mstari Mtupu Katika Daftari la Mawimbi

Madam injinia alikuja Karungu kuunda mashine ya kutoa umeme kwenye mawimbi ya ziwa. Mashine yenyewe haikuwepo bado. Ilikuwa ndani ya kompyuta yake tu: boya refu la chuma likipanda na kushuka juu ya maji ya kuchorwa. Ili maji hayo yafanane na ya kwetu, alinipa kazi ya kukaa ufuoni, kutazama mti wa kupimia uliosimamishwa majini, na kuandika kila wimbi limefika namba gani. Alinipa na filimbi, niwapigie wavuvi nikiona ziwa limechafuka.

Mimi naandika polepole. Niliishia shule ya msingi. Kaka yangu alinicheka kila asubuhi akisukuma mtumbwi.

"Omera, ndugu yangu, ukimaliza kuandika hiyo tano, sisi tutakuwa tumerudi na dagaa wetu wa omena wamekauka!"

Siku moja niliinamia daftari kuandika nane. Nilipoinua kichwa, mti haukuonekana. Kisha maji yakashuka, ukatokea tena. Mtumbwi wa kaka haukutokea.

Tulingoja, hatukumpata. Wazee wakazika tunda la mti wa yago badala ya mwili wake, kama tufanyavyo kwa mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha. Lilikuwa refu, zito, la kijivu. Nililibeba mimi.

Miezi michache baadaye madam alifungua kompyuta mezani kwetu. Mama alikuwa akimimina chai.

"Boya limepita jaribio," madam akasema. "Hata ile siku mbaya limeivumilia. Wiki ijayo mafundi wanaanza kuchomelea."

Nikatazama. Kitu kirefu cha kijivu kilipanda, kikashuka. Nikaona yago.

"Siku ile niliacha mstari mtupu," nikasema.

"Najua. Kompyuta imeuziba. Imechukua wimbi la kabla na la baada, ikaweka la ukubwa wa katikati."

La katikati. Katika ziwa lile la kompyuta, kaka alikuwa amerudi na omena wake.

Nilitaka kunyamaza. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimeinama. Lakini boya la kweli lingefungwa kwa minyororo pale pale wanapopita wavuvi, na likikata minyororo lingewaponda.

"Mti ulizama wote," nikasema. "Sikupiga filimbi. Nilikuwa naandika nane."

Mama aliacha kumimina. Hakuniangalia.

"Mwambie madam mti ulizama kiasi gani."

"Wimbi lilipita ncha. Kama urefu wa kasia."

Madam akaandika kipimo hicho kwenye kompyuta. Maji yakainuka, minyororo ikakatika, boya likageuka tumbo juu na halikuinuka tena.

"Hatuchomelei," akasema taratibu. "Tunaanza upya."

Akanyoosha mkono afunge kompyuta. Mama akaushika. Tangu mazishi hakuwahi kuniuliza ilikuwaje. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Irudishe siku ile," akasema.

Wimbi likaja.

"Tena."