Lori Lililozimika Chini ya Makaburi

Mdogo wangu alipofariki aliacha mke, watoto, mizinga ya nyuki upande wa Kibondo, na lori kuukuu alilobebea mahindi na maharage kutoka Makere kuja Kasulu. Lori lilikaa uani kwangu muda wote shemeji yangu alipokuwa kwenye eda. Hakuna aliyeligusa. Mvua ililinyeshea, kuku wakataga chini yake, na asubuhi za ukungu nilipotoka kutawadha nilikuwa naliona nusunusu, kichwa tu, kama kitu kinachotokea na kusita.

Eda ilipokwisha shemeji alikuja kuniambia kwamba anataka biashara iendelee, maana watoto hawana chakula kingine. Ujanani nilikuwa dereva, kabla sijakaa kufundisha Kurani. Nikachaji betri, nikaongeza dizeli, nikasema Bismillahi. Likawaka. Tukatoka, yeye na mimi.

Barabara yetu inashuka mtoni, kisha inapanda na kupinda chini ya makaburi. Pale kwenye kona lori liliishiwa nguvu, likatetemeka, likazimika. Kaburi la mdogo wangu lilikuwa juu yetu, udongo wake bado mwekundu.

Ndipo, katika ule ukimya, tukasikia pumzi. Ilikuwa ndefu na nyembamba, ikitoka nyuma yetu, kama mgonjwa anayevuta hewa meno yakiwa yamebana. Ilidumu, ikafifia. Shemeji alivuta ushungi hadi machoni. Mimi nilisoma nilichokumbuka, na sikukumbuka kingi. Nilipowasha tena likawaka kama halikuwa na neno, nikageuza, likatufikisha nyumbani.

Kesho yake ikawa vilevile, kona ileile, pumzi ileile.

Nikamwita fundi kutoka mjini. Alibadilisha filta ya dizeli, akafungua mipira yote ya kupitishia dizeli na kuipuliza, akatoa hewa kwenye pampu. Akafungua tangi, akachungulia, akasema dizeli ni safi. Lori liliunguruma uani asubuhi nzima bila kukohoa. Tukaenda naye barabarani, na kwenye kona likazimika. Alisikiliza ile pumzi mpaka mwisho, akafunga spana zake kwenye kitambaa.

"Mzee wangu," alisema, "mimi natengeneza injini. Marehemu sitengenezi."

Alicheka, lakini alirudi mjini kwa miguu.

Habari ikaenea. Wanawake waliokuwa wakichota maji mtoni wakabadili njia. Jirani mmoja alinitania msikitini kwamba lori letu limekuwa na adabu kuliko vijana, halipiti makaburini bila kusimama. Nilimjibu kwamba vijana wajifunze kwake. Nilipofika nyumbani sikuwa na kicheko.

Shemeji alikuwa ananisubiri. Aliniambia amepata mtu wa Buhigwe anayenunua vyuma chakavu, atakuja Jumamosi kulikata lori vipande. Nikamuuliza watoto watakula nini. Akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mume wake alipozidiwa, kabla hatujampeleka hospitali ya Kabanga, shemeji alimwomba wauze lori ili watibu ugonjwa. Mume aligeukia ukutani, hakujibu. Hakujibu mpaka alipokufa.

"Sasa ananijibu, shemeji," alisema. "Hataki nilipande."

Sikubishana naye. Walimu wangu walinifundisha kwamba waliotutangulia wako barzakh wakisubiri kiyama, mambo yao yako kwa Mola wao, wala hawatumwi kuzuia malori. Nilimwambia hivyo kwa upole. Lakini moyo wa mjane hautulizwi kwa darsa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikia ile pumzi, na nywele zilikuwa zimenisimama. Nikamwomba anisubiri mpaka Jumamosi.

Baada ya swala ya alasiri nikalitoa peke yangu. Likazimika palepale. Safari hii sikugusa ufunguo. Nilishuka nikafanya kama tulivyofundishwa na baba kutafuta nyuki ndani ya mti: unaweka sikio kwenye shina, unapanda nalo taratibu mpaka unapofika penye uhai. Niliweka sikio kwenye bodi, nikashuka kwenye fremu, nikafika kwenye tangi. Pumzi ilikuwa pale, kwenye shingo ya tangi, chini ya mfuniko. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka makaburini. Nikasema, "Ewe Mola, nionyeshe," nikafungua mfuniko.

Tangi likavuta kwa nguvu. Nikafunika shingo yake kwa kiganja, likaninyonya ngozi kama mdomo.

Nilikaa pale na mkono wangu ukiwa umeshikwa, nikiogopa, na katikati ya hofu nikaelewa. Tangi lilikuwa na njaa ya hewa. Dizeli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake, isipoingia pampu hushindwa kuvuta. Uani injini hunywa kidogo, ndiyo maana haikuzimika. Kila liliposimama, hewa ilijipenyeza kwa shida chini ya mfuniko, nayo ndiyo ile pumzi, ikatosha safari ya kati ya nyumbani na kona tu.

Nikauweka mfuniko bila kuukaza, nikawasha, nikapita makaburi, nikapanda hadi juu. Halikuzimika. Alhamdulillahi.

Nyumbani nikamwita shemeji, tukausugua mfuniko kwa kitambaa mpaka tope na mafuta yakatoka. Kwenye kile kitundu kidogo cha kupitishia hewa palikuwa na nta ya nyuki, imebandikwa vizuri.

Sisi ni watu wa mizinga. Chombo cha asali chenye kitundu ni chombo kilichopotea, kwa hiyo tumelelewa tukiziba kila kitundu kwa nta, iwe ndoo, iwe bati linalovuja. Mvua zilipokaribia, bila shaka mdogo wangu alitoka kitandani bila mtu kumwona, akaenda kuziba ili maji yasiingie kwenye dizeli. Aliliziba tangi kama mtungi.

Shemeji aliibandua ile nta kwa ukucha. Juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba, imekatwa katikati na kovu la panga la mdogo wangu, ambalo sote tulilijua. 

"Mtu anayetaka kuuza lori hahangaiki kulikinga na mvua," alisema. "Alikuwa ananitunzia."

Kesho yake tulikwenda Makere. Alikaa pembeni yangu, nta ikiwa ndani ya ngumi yake. Tulipofika kwenye kona aliacha kupumua, nami niliwasalimu watu wa makaburini kwa salamu yao. Lori likapita. Kwenye kioo niliona ukungu ukijifunga nyuma yetu.

Tulipofika, alifungua mkono. Joto la kiganja lilikuwa limeilainisha nta, kovu halikuwepo tena, wala kidole. Niliogopa kwamba atalia. Aliigeuzageuza ile nta, akaniangalia.

"Mpigie yule wa Buhigwe," alisema. "Mwambie asije."

Kisha akashuka kwenda kusimamia magunia.