Amosi na Sauti ya Baba Vumilia

Mdogo wangu Amosi haamini jina la kitu chochote. Kopo limeandikwa sukari, atalifungua, atanusa, ataonja, ndipo atie kwenye chai. Mimi dada yake niliyemlea hapa Ngokolo nasema ni kiburi tu. Yeye anasema ni fani. Anaandika programu za kompyuta, na kwenye sherehe ndiye anayerusha muziki na picha ukumbini.

Kuna harusi walimletea faili lenye jina la wimbo wa kwaya, kumbe ndani ni picha ya mbuzi. Programu ikaganda, watu wameshasimama kucheza. Toka siku hiyo akaiandikia sheria. Kila faili, aliniambia, lina alama zake mwanzoni kabisa. Picha ina zake, sauti ina zake. Programu inasoma kwanza zile alama, halafu inalinganisha na jina. Visipolingana, inakataa. Alitamba nayo mtaa mzima mpaka tukachoka.

Ikaja sendofu, sherehe ya kumuaga Vumilia kabla ya harusi, binti wa jirani yetu Davis. Davis anaendesha malori ya mizigo kutoka Isaka, na siku hiyo alikuwa amekwama mpakani na mzigo wa watu. Akarekodi maneno ya kumkabidhi binti yake, akayatuma kwa simu. Vumilia alishasema: bila sauti ya baba, hakabidhiwi kwa mtu. Marcel, emsii wetu anayeongoza sherehe, akaona jina la faili limeishia kwa herufi asizozijua. Akazifuta, akaandika mp3, akampa Amosi.

Amosi akabonyeza. Kwenye skrini kubwa, mbele ya wakwe, yakatokea maandishi mekundu: BABA MZAZI.MP3 – UDANGANYIFU! LIMEKATALIWA.

Jamani, aibu hiyo! Babu Maige, babu yake bwana harusi, aliposomewa akashika fimbo aondoke. Vumilia machozi yakamlenga. Nikamfuata Amosi na hasira zangu zote.

"Hiyo ni sauti au siyo?"

"Ni sauti, dada. Programu imeona alama zake, ni rekodi ya simu."

"Mashine yako inaweza kuipiga?"

"Inaweza."

"Sasa kinakushinda nini?"

"Jina. Limeandikwa mp3, na yenyewe si mp3."

"We mtoto wewe! Mtu umeshamtambua, halafu unamfungia mlango kwa sababu ya nguo aliyovishwa na Marcel? Kama unajua kilichomo, piga kilichomo!"

 Akainama, akaanza kuifumua sheria yake palepale, jasho linamtoka. Spika ikakoroma.

"Babu Maige, shikamoo," ikasema sauti ya Davis.

"Marahaba, mwanangu!" mzee akaitikia, akakaa. "Pole na safari!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sauti ya Davis ikaendelea. "Vumilia, mama, nisamehe sipo kukushika mkono. Upo hapo?"

"Nipo, baba," Vumilia akaiambia spika, akainuka kwenda kwa wakwe zake.