Salamu ya Kukhu

Leo nimefungua sanduku, na harufu ya mshipi wangu wa karate, jasho la zamani na sabuni ya kufulia, ikanirudisha kwenye ukumbi wa kanisa mjini Kakamega.

Kwetu kila mgeni lazima apewe mkono. Mimi nikishikwa mkono nilihisi kama nimeunguzwa, basi niliuficha mgongoni, na kukhu, mama yake baba, akaaibika mbele ya wageni.

"Huyu mtoto ana madharau," shangazi alisema. Neno usonji lilikuwa bado halijafika nyumbani.

Kwenye karate tulisalimiana kwa kuinama, kila mtu mahali pake, mdogo akiinama zaidi ya mkubwa. Hilo nililijua kuliko wote.

Jumamosi moja kukhu alikuja kunichukua, akatutazama mlangoni hadi tukamaliza. Nilimwendea mikono ikiwa mgongoni. Akaweka chini kikapu chake cha mboga, akavua viatu, akainama polepole na ule mgongo wake mbovu.

"Nimesalimia vizuri?" akauliza.

Nikainama zaidi yake, mpaka nikaona vidole vyake vya miguu kwenye saruji baridi.