Pipa Lililokatazwa Kuimba

Maji yakiingia kwenye mtungi yana sauti yake. Mwanzo yanaguruma chini kwa chini kama mzee anayekohoa alfajiri, halafu sauti inapanda, inapanda, inakuwa nyembamba kama ya mtoto anayelilia ziwa. Hapo ujue mtungi umejaa. Mimi tangu utotoni sichungulii mtungi. Nafunga mfereji nikiwa nimeangalia kwingine, na hata tone halimwagiki. Majirani hapa Kiwanjani wanasema nina majini. Wacha waseme. Majini gani hayo yasiyojua kazi nyingine ila kufunga mfereji?

Mjukuu wangu Sahara aliniona siku moja, akasimama na ufagio mkononi. Sahara ni mwalimu wa sayansi, na hilo nalisema hata kama hukuniuliza. Mimi shule niliisikia tu ikipita. Yeye anafundisha darasa ambalo watoto wanaoona na wasioona wanakaa dawati moja.

"Ayeyo," akaniita, kwani bibi kwetu ni ayeyo, "umejuaje kwamba umejaa?"

"Hewa imeniambia."

"Nani alikufundisha hayo?"

Nikatafuta kiti. Jibu lilikuwa zito, si la kubebwa nikiwa nimesimama.

Aliyenifundisha ni Eddo Dahabo. Eddo ndivyo sisi tunavyomwita dada ya baba. Ugonjwa wa macho ulimfunga akiwa msichana bado, kope zikakwaruza mpaka mwanga ukaisha. Mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono. Alinukia ubani na moshi, na kiganja chake kilikuwa kigumu kama kwato. Nilijiona mtu mkubwa sana, kwa sababu bila mimi angegonga ukuta. Kumbe nyumba yote aliijua kuliko mimi.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, serikali ikiwinda waasi vichakani. Babu yangu alimpigania Mwingereza mpaka akapewa mahali pa kukaa hapa Isiolo. Sasa sisi wajukuu wa askari tukawa ndio tunaolindwa kwa bunduki. Tulihamishwa tukawekwa pamoja na majirani zetu Waborana ndani ya senyenge, kando ya mji. Baba alikuwa amechukuliwa akaulizwe maswali, na maswali yalikuwa hayajaisha. Mama alibaki na mimi, na mtoto mchanga mgongoni, na Eddo.

Shida kubwa ilikuwa maji. Lori lilileta mapipa, tukapanga foleni na madebe yetu, vumbi mpaka kwenye meno. Waliokuwa mbele walipata. Waliokuwa nyuma walisimama juani saa nyingi, halafu wakaambiwa, "Kwisha, mama." Hapo ilibidi waende mtoni. Lakini lango lilifungwa jua likianza kuinama, na aliyeonekana nje baada ya hapo hakuulizwa jina. Kwa hiyo mwanamke wa nyuma alikuwa na jambo moja tu la kujua: maji yatanifikia, au niende mtoni sasa hivi, jua likiwa bado juu?

Na pipa ni chuma. Halionyeshi tumbo lake. Mbele ya pipa sisi wote tulikuwa vipofu.

Ndipo Eddo akaniambia nimpeleke kwenye mapipa. Akaligonga pipa kwa kijiti, akainamisha kichwa, akaanza kuimba. Pipa likiwa limejaa, sauti yake ni nene, na Eddo aliimba kwa sauti nene:

*Pipa zito, pipa zito, mtoto bado mgongoni.*

Likifika katikati, alipanda nalo:

*Pipa limeanza kusimama, wa katikati songeni.*

Na likikaribia kuisha, chuma kililia kwa sauti nyembamba, naye Eddo akalia nacho, sauti ikapita juu ya vichwa mpaka mwisho wa foleni:

*Geukeni mapema, jua bado liko.*

Wanawake wa nyuma wakiusikia mstari huo, walijitwika madebe yao matupu wakaenda mtoni na kurudi kabla ya lango.

Jirani yetu Mborana, Mama Guyo, alipenda kumchokoza. "Dahabo, leo pipa linasema nini?"

"Linasema wewe wa nyuma unapenda usingizi."

"Afadhali mimi naona."

"Basi si uniambie ndani ya pipa kuna nini?"

Foleni yote ilicheka. Siku hizo kicheko kilikuwa adimu kuliko nyama.

Mimi kuna jambo lilinisumbua. Debe likijaa, sauti inapanda. Pipa likiisha, sauti inapanda vilevile. Nikamwambia Eddo mmoja wao ni mwongo. Alicheka, akapanga makopo sakafuni, akatuita sisi watoto wa jirani wote, pamoja na wawili ambao macho yao ugonjwa uleule ulikuwa umeshayafunga. Akatuambia sisi tunaoona tufumbe macho, tusiwaibie wenzetu.

"Debe unapolijaza, anayeimba ni hewa," akasema. "Maji yanaingia, nyumba yake inakuwa ndogo, basi sauti yake inakuwa nyembamba. Pipa ukiligonga, anayeimba ni chuma. Maji yamemwegemea kama mtoto mgongoni, anaongea kwa uzito. Mshushie mtoto, atapaza sauti."

Tuligonga makopo, tukaongeza maji, tukapunguza, tukaimba. Wale wawili wasioona walitushinda sote, na mmoja akaniambia mimi nina masikio ya mbuzi.

Halafu akaja mkubwa mpya wa askari. Alisikia wimbo ukivuka senyenge kuelekea vichakani.

"Huyu mama anamwambia nani habari?"

Mama Guyo akasema, "Afande, anatuambia sisi. Ni habari ya maji."

Yule mkubwa alimtazama Eddo, akanitazama mimi niliyemshika mkono. Akaja, akaweka kiganja chake kichwani mwangu, polepole, kama mtu anayembariki mtoto.

"Ati huyu ndiye macho yako?" akamwuliza.

Nikajibu mimi, kifua mbele: "Ndiyo mimi!"

"Mtoto mzuri," akasema. "Mtunze basi. Sitaki kusikia wimbo tena."

Nilifurahi siku nzima. Hakuna askari aliyewahi kunigusa kwa upole. Nilimwambia hata mama, "Yule mkubwa ananipenda." Mama alinivuta akanikumbatia mpaka mbavu zikauma, nami sikujua kwa nini.

Tangu hapo Eddo alinyamaza. Kijiti alikitia motoni chini ya chai. Alijaribu kupitisha neno kwa mdomo, huyu amwambie yule, lakini neno likipita midomo mingi linafika limepoa. Mimi nilimvuta mkono: "Eddo, imba! Pipa linaisha, mimi mwenyewe nasikia!" Alinibana vidole tu.

Siku ile mama alichelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Akawa wa nyuma. Watu walisukumana, neno la mdomo likapotea njiani. Mama alingoja kimya, nasi tulikuwa mbele kando ya pipa, chuma kikilia wazi kila debe lilipokigusa. Akafika, akaambiwa, "Kwisha." Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Na mtoto alikuwa anawaka.

Mama alimfungua mtoto mgongoni akampa Eddo. "Nakimbia, narudi," akasema. Nilimwona akitoka langoni, debe likimeta kichwani. Bila mtoto alikimbia mwepesi kama msichana.

Lango likafungwa. Tukasikia mlio, halafu mwingine.

Kesho yake debe lilirudi. Mama hakurudi. Eddo alilipapasa mpaka kidole kikaingia kwenye tundu, akakiacha humo muda mrefu. Wala hakuligonga.

Nilikua nikiamini Eddo alinyamaza kwa kujiogopea. Hakunisahihisha hata siku moja, mpaka anazikwa. Ni baada ya kuzaa mwenyewe, siku moja mgeni alipoweka mkono kichwani mwa binti yangu, ndipo nilipokisikia tena kile kiganja. Kilikuwa kizito. Kilikuwa kinasema na Eddo, si na mimi. Aliwekewa foleni upande mmoja na kichwa changu upande wa pili, akanishika mimi.

Sahara nilimpa mistari miwili tu ya mwanzo. Akaenda nayo darasani pamoja na makopo. Jioni akarudi: "Ayeyo, watoto wanauliza. Kopo likibaki tupu wanaimba nini? Wimbo umekatika."

Nilikaa na swali lake juma zima. Kisha nikavaa buibui yangu safi nikaenda naye shuleni, nikawapa mstari wa tatu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Msichana mmoja asiyeona aligonga kopo tupu, na darasa zima likapanda nalo: *Geukeni mapema, jua bado liko.* Madirisha yalikuwa wazi. Waliimba kwa nguvu, na hakuna mtu aliyekuja kuwanyamazisha. Nikawaza: kwa sauti hii, mama angesikia.