Mikono Yangu, Uso Wake

Sikumsamehe, na wala sisemi uongo: kila nikikumbuka naona raha.

Mwenzangu huyo kakulia nje, karudi Mji Mkongwe akaanza kutembeza wageni kwa simu. Wao wamekaa makwao, Ulaya na Uarabuni, yeye yuko barazani kajielekezea kamera usoni, mtandio umemkaa, anawaeleza mila zetu na kujipiga selfi. Mimi alinichukua nichore hina. Akishazungumza anageuza kamera, na kinachoonekana ni mikono yangu tu ikichora, huku sauti yake inasema, "Maua haya kanifundisha bibi yangu."

Bibi yake! Maua yale ni ya mama yangu, aliyewapamba maharusi wa Ng'ambo mpaka vidole vikamkakamaa. Siku moja akatizama ziara ile kwa simu ya jirani. Niliporudi nyumbani Jang'ombe akaniuliza, "Mwanangu, nshakufa mimi, hata hina yangu apewe mtu?" Nikaingia chooni nikalia. Nikaapa, wallahi jina la mama litarudi mbele ya wageni walewale.

Haukupita hata mwezi. Wageni wakataka picha ya pamoja, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, na yeye ainue kiganja chenye hina. Hajapata kupaka hata siku moja. Harufu eti inamuumiza kichwa. Nikampaka nusu saa kabla.

"Sasa nioshe?" akaniuliza.

Mtoto wa kwetu wa miaka saba angemcheka. Hina inakwanguliwa, inapakwa mafuta, na maji haiyaoni mpaka kesho. Nikamwambia, "Upendavyo, bibie." Akaosha kwa sabuni, akanipa simu nimshikie.

Akainua kiganja. Lo! Kimanjano tu, kama aliyekula mchuzi wa bizari. Mgeni mmoja, bibi wa kwetu anayeishi Maskati, akadakia: "Umeiosha kwa maji? Nani kakufundisha wewe?" Mwenzangu akakificha kiganja ndani ya mtandio.

Nikampa mgongo, nikageuza kamera, nikainua mkono wangu uliokolea hina. "Shikamoo, bi. Mchoraji ni mimi, na kanifundisha mama yangu." Nikamtaja mama jina lake kamili, na mtaa wake.

"Marahaba!" Bibi akashika mdomo. "Huyo ndiye aliyenipamba mimi harusi yangu!"

Picha ya pamoja ikapigwa papo hapo, na mama kaibandika ukutani. Mimi niko mbele nacheka, na nyuma ya bega langu mwenzangu anasugua kiganja kwa pembe ya mtandio.