Nusu ya Pili ya Kitabu

Tangu astaafu kazi ya posta, baba mkwe wangu anapenda hadithi za upelelezi kuliko chakula. Kila kitabu kipya alikuwa akikikata katikati kwa wembe. Akimaliza nusu ya kwanza, anampa jirani yetu, muuguzi mstaafu, yeye mwenyewe anaendelea na ya pili. Jioni wakibishana barazani nani muuaji, mimi nanyonyesha huku nawasikiliza.

Siku moja jirani alikuja anacheka. "Mzee mwenzangu, safari hii nimemnasa. Muuaji ni mpishi."

"Mpishi wapi," baba akadakia. "Ni daktari, nimeshamaliza."

Jirani akaweka nusu yake juu ya kiti. "Basi, umeshanisomea." Hakuja tena.

Jana baba alinipa kitabu kipya, hakijakatwa. "Mpelekee, mwanangu. Mwambie aanze yeye, mimi nitasubiri."

Jirani alinipokea vizuri, miwani usoni, kidole ndani ya kitabu kingine. "Mwambie macho yangu siku hizi hayasomi."

Nilimrudishia baba kitabu, nikamfikishia hayo ya macho tu. Akakipapasa kitabu chake.

"Alikuwa amevaa miwani?"

Nikamwambia mtoto analia, nikaingia ndani.