Mtafuta mawe ya mpaka na jiwe lake la nne

Saa moja na robo asubuhi, umande haujakauka, na mwanamume mmoja amepiga magoti kwenye kona ya kiwanja cha watu. Mkononi ana fimbo ya chuma iliyochongoka. Anaichoma ardhini, anaichomoa, anasogea nusu hatua, anaichoma tena. Nyuma yake nesi aliyetoka zamu ya usiku anapiga miayo, lakini haondoki. Anataka kujua kama nyumba anayotaka kuinunua inaishia kweli pale dalali alipomwonyesha.

Mara chuma kinagonga kitu na kutoa mlio mfupi, mkavu.

"Huyo," anasema mwanamume, kana kwamba amemfuma mtu aliyejificha. Anafukua kwa mikono mpaka kinatokeza kichwa cha zege chenye nondo nyembamba katikati.

Hilo ni jiwe la mpaka. Wengi huliita bikoni, na ndilo lililompa mtu huyu jina lake la mtaani. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kumtangulia mpimaji wa ardhi na kuyatafuta mawe manne ya kila kiwanja, yaliyofunikwa na udongo, takataka na ujanja wa majirani. Analipwa kwa kiwanja, si kwa siku. Wiki nzuri anapata viwanja sita. Wiki ya mvua huenda asipate hata kimoja.

Leo Bikoni hana utulivu. Kila baada ya dakika chache anatazama simu, si kwa sababu anasubiri kupigiwa, bali anaangalia saa. Ikifika saa nane mchana, mpimaji ataweka vifaa vyake kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe, mpiga magoti wa viwanja vya watu, anataka kuinunua.

Hata hivyo, nesi ana maswali, na maswali hayamjui mwenye haraka.

"Mzee, hivi wakili ni lazima? Dalali anasema mashahidi wawili wanatosha."

"Mimi si wakili, mama. Mimi ni mtu wa mawe," anajibu Bikoni, akijifuta udongo. "Ila nimewaona wengi waliouziwa mbuzi kwenye gunia, na wote walikuwa na mashahidi wawili."

"Na arbuni nimpe muuzaji mkononi?"

"Usitoe hata senti kabla wakili wako hajapekua kumbukumbu ofisi ya ardhi. Aone jina lililoandikwa ni la nani, kama kuna mkopo umeikalia hiyo nyumba, kama kuna kesi. Halafu arbuni aishike wakili, isilale mfukoni mwa mtu. Muuzaji ana mke?"

"Anasema wametengana."

"Kutengana si kuachana. Mke atie saini. Hapo ndipo wengi wanapolia."

Nesi anaandika yote kwenye simu yake. Kisha anauliza lile swali ambalo Bikoni anasema hajawahi kumaliza wiki bila kuulizwa: "Sasa nyumba inakuwa yangu lini hasa?"

Wapo wanaodhani ni siku ya kusaini mkataba. Wapo wanaodhani ni siku ya kumaliza kulipa, na wapo ambao wakishapewa funguo tu wanaanza kuchagua mapazia. Bikoni anawajibu wote jibu moja.

"Siku jina lako likiandikwa kwenye hati. Kabla ya hapo wewe ni mgeni mwenye matumaini."

Mgeni mwenye matumaini ni yeye mwenyewe sasa. Nyumba yenye vyumba viwili na sebule ameipanga kwa miaka kumi na mmoja. Humo ndimo walimozaliwa watoto wake pacha, na nyuma ya jiko ndipo mkewe, Mama Pacha, anapofulia nguo za watu kwa malipo. Mama mwenye nyumba, bibi mpole anayeishi mtaa wa pili, hajawahi kuwapandishia kodi kwa ghafla. Sharti lake lilikuwa moja tu: ukuta wake usipigwe msumari.

Kwa hiyo saa ya ukutani aliyotunzwa Mama Pacha na shoga zake haijawahi kuwa ya ukutani. Inakaa juu ya stuli, imeegemea ukuta, na kila mgeni anayeingia huonywa kwanza asiikalie.

Mwezi uliopita bibi alisema anahamia kwa binti yake, mji wa mbali, na kwamba angependa kuwauzia wao kuliko mtu baki. Akiba ya mume na mke ya miaka tisa ikatoka ilipokuwa. Tatizo ni kwamba kuna dalali aliyempata mnunuzi mwenye fedha taslimu, asiyeuliza mambo ya mawe. Bibi anasafiri Jumamosi. Amewapa hadi Ijumaa: taarifa ya mpimaji ifike kwa wakili, mkataba usainiwe, la sivyo atamuuzia huyo mwingine.

Leo ni Jumanne, na jiwe la nne halijulikani lilipo.

"Jumapili nilitafuta mwenyewe," anakiri Bikoni akiwa njiani kurudi nyumbani, akitembea kwa kasi hata kufuatana naye ni kazi. "Matatu niliyapata kwa saa moja. La nne nimechoma ardhi mpaka ikafanana na chekeche. Nimeyapata mawe ya watu chini ya mabanda ya kuku, mama yangu, halafu la kwangu linanishinda? Sijalala vizuri tangu siku hiyo."

Kona inayokosa jiwe ni ile ya nyuma ya jiko. Jirani wa upande huo, fundi cherehani, anashikilia kwamba kiwanja chake kinafika hadi kwenye ukuta wa jiko lenyewe. Kama ni kweli, basi mahali pa kufulia ni pake, pamoja na njia ya kwendea chooni.

Saa nane kamili mpimaji amefika. Ni mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mkali kazini, na jambo la kwanza analofanya ni kumnyang'anya Bikoni fimbo yake.

"Leo wewe ni mnunuzi, mzee. Mnunuzi hajitafutii mawe. Kaa pale na mkeo."

Bikoni anakaa. Goti lake halikai. Mama mwenye nyumba ameletewa kiti, na fundi cherehani amesimama na futi yake shingoni, kama aliyekuja kumpima mtu suruali.

Mpimaji anasoma ramani, anaanzia jiwe la tatu, anavuta tepu. Mita kumi. Mita kumi na tano. Tepu inapita pembeni mwa jiko. Mita kumi na nane na ushee, anasimama, anatazama chini. Miguu yake iko katikati ya zege pana, laini, lililong'arishwa na miaka ya maji ya sabuni.

"Nani alimwaga zege hapa?"

Mama Pacha anaelekeza kidole kwa mumewe bila hata kumtazama. "Muulize huyo huyo."

Fundi cherehani ndiye wa kwanza kucheka, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Mganga hajigangi. Mtu aliyewagombeza nusu ya mji kwa kufunika mawe ya mpaka kwa saruji alikuwa amelifunika la kwake mwaka wao wa kwanza wa kupanga, kwa mikono yake, ili mkewe asifulie kwenye tope.

"Nyumba ya kupanga haina mawe," anajitetea Bikoni, uso umemwiva. "Ina kodi tu. Sikuwaza hata kidogo."

Kicheko kinakatika, kwa sababu zege lile ndilo ofisi ya Mama Pacha. Ana beseni tatu za nguo za wateja zilizolowekwa tangu asubuhi. Likivunjwa na jiwe lisiwepo, amepoteza pa kufulia, na pengine nyumba pia. Anaziinua beseni moja moja, anazisogeza kando.

"Vunja," anasema.

Bikoni anamgeukia mama mwenye nyumba kuomba ruhusa.

"Mimi nilikataza kuta," anasema bibi. "Chini sikukutaja."

Mpimaji anampa nyundo, kwa hili tu. Pigo la kwanza linateleza. La pili linachora ufa. Kufikia la tisa zege limefunguka, na mpimaji anapiga magoti mwenyewe, anachokonoa udongo kwa fimbo. Watu wazima watano wameinama juu ya shimo lisilozidi upana wa sinia.

Mlio mfupi, mkavu.

"Huyo," anasema mpimaji.

Kichwa cha zege, nondo katikati, hatua mbili nzima nje ya ukuta wa jiko. Bikoni anakaa chini palepale kwenye vumbi, anafunika uso kwa viganja, na mabega yanamtikisika. Analia na kucheka kwa pamoja, wala haoni haya. Mama Pacha amemshika shati kwa nyuma kama anayeogopa atadondokea shimoni.

Fundi cherehani analitazama jiwe. "Basi," anasema, na anampa Bikoni mkono. "Jiwe lenyewe limesema. Nguo za kufua fueni nyinyi, za kushona nileteeni mimi."

Kabla ya saa kumi mpimaji amesaini taarifa na kumpigia wakili. Mkataba utasainiwa Alhamisi, wenye majina mawili, la mume na la mke. Baada ya hapo kuna kodi ya serikali na kuhamisha umiliki ofisi ya ardhi. Wakili amesema wiki sita, kama hakuna karatasi itakayokwama.

"Kwa hiyo sasa ni yetu?" anauliza Mama Pacha.

Bikoni anafungua kinywa, na inaonekana wazi anavyotamani kulijibu swali hilo, mara hii moja tu, tofauti na anavyowajibu wengine.

"Bado," anasema. "Jina."

Mkewe anaingia ndani, anarudi na msumari mmoja, anautia kwenye mfuko wa shati la mumewe. "Ukae nao wewe. Siku hiyo usianze kunisomea hati. Nipigie huu kwanza."

Bikoni anasema zege jipya atalimwaga Jumapili, na safari hii ataacha tundu ili jiwe lionekane. Akizungumza, mkono unaupapasa mfuko.

Sebuleni, usawa wa macho ya Mama Pacha, kumechorwa alama ndogo ya penseli. Chini yake, juu ya stuli, saa imeegemea ukuta, inakwenda.